Kitambaa Juu ya Miguu ya Mama Docus

Mimi ni mtu wa kinyaa na sioni haya kusema. Nilizaliwa kambini, binti wa sajenti Ojara wa polisi, na baba yangu kila asubuhi alikuwa akipitisha kidole chini ya kitanda. Kidole kikitoka na vumbi, nyumba nzima tunapiga deki upya, tena kimya. Mpaka leo nikikuta nzi ndani ya kikombe simalizi chai, na ukipenga kamasi karibu na sufuria yangu tutakosana. Lakini uchafu ulionichefua kuliko wote niliuona mahali ambapo sakafu ilikuwa inang'aa na watu wamevaa suti.

Nitasema habari za mume wangu, Jonan Bwambale. Yeye mwenyewe siku hizi hana maneno mengi, na watu wa Kasese wameisimulia habari yake vibaya mno. Eti mama yake alimloga. Eti chumvi ilimpanda kichwani. Wee! Watu wakiona mtu ametulia, lazima watafute mchawi.

Jonan ni mtoto wa Katwe, pale kwenye ziwa la chumvi. Ni mtoto wa pili wa kiume, ndiyo maana ni Bwambale. Wakonzo huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa. Baba yake alikufa mapema, akaacha kidimbwi kimoja cha chumvi ukingoni mwa ziwa, na mama yake, Mama Docus, akakirithi. Kidimbwi chenyewe ni shimo pana lenye maji ya kufika gotini, limezungushiwa ukuta wa udongo na miti. Jua likiwaka, maji yanapungua na chumvi inaganda juu yake kama ukoko. Chini kuna tope jeusi linalonuka yai viza. Mama Docus aliingia humo tangu ujana wake, miguu mitupu, akaitoa chumvi kwa mikono, na chumvi hiyo ndiyo iliyomsomesha Jonan.

Sasa nikueleze miguu yake, maana habari yote iko hapo. Maji yale yanakula nyama ya mtu. Visigino vyake vimepasuka nyufa ambamo ungeweza kuingiza punje ya mahindi. Kucha zimekuwa nyeusi, nyingine hazipo kabisa. Kwenye vifundo kuna vidonda vinavyokauka na kufunguka tena, na ngozi ikikauka inabaki na weupe wa chumvi. Si miguu ya kutazama ukiwa unakula, nasema kweli. Mara ya kwanza nilipoiona niligeuza macho pembeni. Mama Docus akacheka, akaniambia, "Angalia tu, mutoto yangu. Iko miguu tu." Nikaangalia, na tangu siku hiyo tukapatana.

Jonan alipomaliza shule alifungua duka Bwera, karibu na mpaka, akawa anauza saruji na mabati kwa watu wa Congo. Hapo ndipo tulipokutana. Tukaoana, tukamzaa Pretty, tukahamia mjini Kasese. Mume wangu alikuwa mchapakazi, hapo simsengenyi. Tatizo lake lilikuwa neno moja tu: bado. Akipata duka, bado lori. Akipata lori, bado nyumba yenye geti. Akipata nyumba, bado kiti cha mbele kanisani. Namwambia, "Baba Pretty, keti basi unywe chai." Ananijibu amesimama, simu sikioni, "Bado kidogo." Furaha ya kila kitu ilidumu mpaka rangi ikauke ukutani, halafu anaanza tena kuzunguka sebuleni akifyonza meno.

Mwaka wa 2015 akautaka udiwani wa wilaya. Na kwetu mtu anayetaka kura haendi kuziomba hivi hivi. Kwanza anaandaa sherehe ya kumshukuru Mungu. Ni Mungu gani huyo anayeshukuriwa kwa spika kubwa namna ile, mimi sijui. Mahema yakafungwa uani kwetu, ng'ombe wakachinjwa, mchungaji akaletwa, na Tonny akapewa kazi ya picha. Huyu Tonny alikuwa mpambe wa mume wangu, mwanamume mzima mwenye kamera shingoni na mafuta ya nyama kidevuni, anacheka kabla bosi hajamaliza kusema. Kila nikimpa mkono nilikwenda kunawa.

Mama Docus aliletwa kutoka Katwe akaketishwa meza kuu. Jonan alikuwa amemnunulia viatu vya kufunika, vyeusi, vya ngozi ngumu. Miguu ile haijawahi kufungwa maishani. Kufikia wakati wa hotuba ilikuwa imevimba, naye akavivua viatu polepole chini ya kiti, akashusha pumzi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Wageni wa mstari wa mbele wakaanza kuona. Mwanamke mmoja mwenye kofia ya manyoya akaivuta sahani yake akaigeuzia upande mwingine.

Tonny akaita, "Mheshimiwa! Picha na mama!"

Jonan akaiona ile miguu. Akatazama huku na huku, akachomoa kitambaa cheupe kilichokuwa kimetandikwa chini ya keki, akapiga goti mbele ya mama yake, akaifunika taratibu mpaka vidole vyote vikapotea. Basi! Hema zima likalipuka kwa vigelegele na makofi. Mshereheshaji akapaza sauti, "Muoneni mwana anavyomuenzi mama yake!" Mchungaji akasema haleluya. Yule mwenye kofia ya manyoya akafuta machozi. Mimi nilitaka kutapika pale pale.

Maana nilimwona usoni. Kwa kamera alikuwa anatabasamu, lakini alipoinama alizuia pumzi na pua yake ikajikunja. Sura hiyo naijua vizuri; ndiyo ninayoifanya mimi nikikuta panya ndani ya unga. Na Mama Docus aliiona pia, kwa sababu alikuwa anamtazama mwanawe kutoka juu. Jonan akainuka, akachukua kipande cha nyama kwenye sahani yake, akampelekea mama mdomoni ili Tonny apige picha nyingine. Mama akafunga mdomo. Jonan akaisukuma nyama kwenye midomo yake, watu wanacheka, "Mama ameshiba!" Mchuzi ukamtiririka kidevuni, na mdomo haukufunguka.

Wakati wa muziki Mama Docus aliinuka. Aliacha viatu, akaacha kitambaa, akajitembelea zake kuelekea getini. Nikamkimbilia.

"Mama, unakwenda wapi? Hata keki haijakatwa!"

Alinijibu kwa Kiswahili, kwa sababu Kikonzo changu mimi kinatosha kuomba maji tu. "Mama Pretty," akasema, "mimi sitakula tena kitu ya mukono yake. Siku atajua alinifanya nini, akuje aniambie na mudomo yake. Na wewe usimwambie."

"Kwa nini nisimwambie? Acha nimwambie sasa hivi, mchungaji akisikia!"

"Ukimwambia, itakuwa maneno yako. Mimi nataka yake."

Nimelelewa kwa amri, na amri naijua nikiisikia. Kidogo tu nimwambie ndiyo, afande. Nikamsimamishia bodaboda, akaondoka na mchuzi ule ule kidevuni. Nilipomuuliza Jonan jioni kwa nini mama yake amekwenda bila kuaga, alikuwa anatazama picha kwenye kamera ya Tonny. "Wazee hao," akasema. "Labda jua. Lakini umeona nilivyomheshimu mbele ya watu wote?" Alikuwa anaamini, jamani. Hakuwa anadanganya hata chembe, na hapo ndipo niliposhikwa na hofu.

Kuanzia wiki hiyo, kila tulichompelekea Katwe kilirudi. Unga ulirudi, maharage yakarudi, sukari ikarudi na fundo lile lile nililolifunga mimi. Nikimpelekea vya kwangu ananiuliza vimetoka mfuko wa nani, na mimi duka langu ni la mume wangu, nitasema nini? Akawa anakula kile chumvi yake inachoweza kumlisha, na mwili ukaanza kupungua. Mwanamke yule hakuwa kijana. Nikawa naogopa kwamba siku moja tutaitwa, tutamkuta amelala na mdomo umefungwa vile vile, na mume wangu ataingia kaburini kwake naye bila kujua alifanya nini. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Udiwani wao wangeula na chumvi.

Halafu ikaja ile kalenda. Ptu! Hata leo nikiikumbuka mate yananijaa. Tonny aliichukua picha ya kitambaa, akaichapisha kubwa, na juu yake akaandika: Mwana Anayemheshimu Mama, Chagua Jonan. Ikabandikwa kila duka, kila saluni, kila kibanda cha chapati kutoka Muhokya mpaka Bwera. Siku moja niliingia hoteli moja Kikorongo, pale malori yanaposimama, nipate chai. Kalenda ilikuwa ukutani juu ya karai la kukaangia. Mafuta yameirukia, yamemfanya mume wangu awe na chunusi za manjano, na nzi wanatembea juu ya kitambaa cheupe wanatafuta njia ya kuingia chini. Mwenye hoteli akaniambia, "Mzee wako ana roho nzuri." Nikaacha chai pale pale.

Alishinda. Mwaka wa 2016 akaapishwa, tukala nyama tena, nikapiga deki tena. Unadhani alitulia? Bado. Sasa alitaka uenyekiti wa kamati. Lakini kitu kimoja kilikuwa kinamkwaruza, kwa sababu watu walianza kuuliza mbona mama wa kwenye kalenda haonekani. Ndipo akaanza kumtafuta mama yake, na akamtafuta kwa njia aliyoizoea, yaani kwa kubeba vitu.

Alipeleka godoro, na Tonny akapiga picha likishushwa kwenye gari. Likarudi. Alipeleka mbuzi mwenye utepe mwekundu shingoni. Akarudi kwa bodaboda, amefungwa miguu, amemkojolea dereva suruali nzima. Akapeleka mabuti ya mpira. Mabuti! Nilipoyaona nilikwenda nyuma ya jiko nikamwambia Mungu anipe subira. Mwisho akapeleka mchungaji na wazee wa kanisa, wakaomba kwa sauti mlangoni kwa Mama Docus mpaka kuku wakakimbia. Mama akawasikiliza wote, akasema asante, mukirudi mumusalimie.

"Mama yangu ana nini?" Jonan akanililia siku hiyo. "Dunia nzima inajua namheshimu!"

"Dunia nzima, ndiyo," nikamjibu, nikauma ulimi mpaka nikasikia ladha ya damu.

Kiangazi cha katikati ya mwaka, wakati chumvi inaposhika vizuri, akapata wazo lake kubwa. Alinunua pampu ya injini, ya kuvuta maji ya ziwa na kujaza kidimbwi haraka, eti mama avune mara nyingi zaidi asichoke. Hakumuuliza mtu. Mtoto wa Katwe, amekulia kwenye ukingo ule, lakini alikuwa ameondoka zamani akiwa anatazama pembeni, kwa hiyo hakuwahi kujifunza. Tulikwenda na gari mbili. Mama Docus alikuwa nyumbani kwake, juu kidogo ya ziwa. Ukoko ulikuwa umeanza kuganda kidimbwini, mweupe, mwembamba, ukilala juu ya maji bila kutikisika. Jonan akavua koti, Tonny akatayarisha kamera, injini ikaunguruma.

Mpira wa pampu ukavuta maji pamoja na tope la chini ya ziwa, ukayatema kidimbwini kwa nguvu. Ukoko ukavunjika ukazama. Lile tope jeusi la chini likaamka lote, na harufu iliyopanda, Yesu wangu! Tonny akaziba pua na kamera ikamponyoka. Kipande cha ukuta kikabomoka. Kufumba na kufumbua chumvi ya mama wa watu ilikuwa uji mweusi unaotokota mapovu.

Mama Docus alishuka polepole. Alitazama kidimbwi, akamtazama mwanawe. Alimwambia kwa Kikonzo, lakini hata mimi nilielewa: "Bwambale, ondoa kitu chako."

Kisha akaja Semu. Semu ana kidimbwi jirani na cha Mama, mtu wa makamo, mnuka ugoro, na hana adabu kwa wakubwa, ndiyo maana nilimpenda. Akamweleza mume wangu desturi ya upande ule wa ziwa. Ukivuruga kidimbwi cha mwenzako, wewe mwenyewe unakilinda mpaka maji yatulie na ukoko ushike upya. Unafukuza mbuzi na ndege. Huingizi mguu, huingizi hata kijiti, kwa sababu ukigusa unaanza upya. Unakaa tu.

"Nitamlipa mtu akae," Jonan akasema.

"Mtu huyo ndiye aliyevuruga?" Semu akamuuliza.

"Mimi ni diwani, bwana! Nina mikutano!"

"Haya, nenda. Lakini sisi watu wa chumvi tutajua, na kura za hapa unazijua."

Ni kura zilizomkalisha, usidhani ni toba. Mwanzoni alikaa pale kwa hasira, juu ya jiwe, viatu vinang'aa, anapiga simu kwa sauti ya mkutano. Tonny akaja akapiga picha, akaituma kila mahali: Diwani Akaa na Wananchi Wake. Mimi nilikuwa nampelekea chakula, nikikaa naye nikiziba pua kwa leso. Alinilaumu kwamba sikumzuia kununua pampu. Siku nyingine alimlaumu Semu, mshamba mwenye ugoro. Alimlaumu Tonny, akamlaumu fundi wa pampu, akalaumu wapinzani wake, hata jua likawa na makosa. Kisha akaanza kumlaumu mama yake kwa maneno ambayo sitayarudia.

Na maji hayakutulia. Alikuwa hawezi kukaa bila kufanya kitu. Anaokota kokoto anatupia, anachokoa ukingo kwa ufito, na kila mara tope linapanda. Semu akawa anapita, anaangalia, anapiga chafya, anasema, "Anza upya, Mheshimiwa." Nilicheka, Mungu anisamehe.

Sijui ni siku gani mambo yalibadilika. Najua tu kwamba nilifika na kapu langu nikamkuta simu ameizima, iko ndani ya kiatu, na kiatu kiko mbali. Amekaa peku. Tonny akatokea na kamera, akaanza, "Mheshimiwa, geuza uso kidogo," na Jonan akamwambia bila kuinua sauti, "Tonny, nenda nyumbani." Tonny akacheka, akidhani ni utani. Jonan hakucheka. Tonny akaondoka anajikuna.

Tukakaa. Kisha akasema, "Mama Pretty, nimemaliza watu wa kulaumu."

"Ehe?"

"Nimebaki mimi."

Akawa anatazama maji, na maji yalikuwa yameanza kuwa na rangi ya maji. Siku zilizofuata akanisimulia vitu, kimoja leo, kingine kesho, na kila kimoja kilimtoka kwa shida. Kwamba siku mama yake alipomtembelea shuleni, aliwaambia wenzake ni mwanamke muuza chumvi anayemletea ujumbe. Kwamba alimwomba asije tena, kwa kisingizio cha nauli. Kwamba kila alipoongeza kitu, duka, lori, geti, alihisi anaweka ukuta kati yake na harufu ya tope hili, na harufu bado inapita. Alikuwa anasema hivyo huku uso umemkunjamana, si kwa ajili ya tope. Alijionea kinyaa mwenyewe, na mimi, nisiyeweza kuvumilia uchafu, nilikaa pale nikamvumilia.

Asubuhi moja, ukoko mweupe umeshashika kidimbwini, nilikuwa nafungua sufuria ya chakula. Akaniambia, polepole, bila kunitazama, "Siku ile ya sherehe, nilipoinama kumfunika, nilizuia pumzi."

Kifuniko kikaniponyoka, kikagonga jiwe.

Akageuka. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoinama. Pua yako niliiona."

"Mbona hukuniambia, mwanamke?"

"Niliamriwa."

Akaelewa ni nani aliyeniamuru. Nilidhani atavunjika, atalia, atatafuta tena mtu wa kumtupia lawama. Wala. Alishusha mabega, na nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwa mume wangu tangu anioe: alikuwa amekaa, kweli amekaa, hakuna sehemu ya mwili wake iliyokuwa inataka kwenda mahali. "Nimekimbia hiyo sura yangu tangu shule," akasema. "Leo nimeitazama mpaka mwisho. Ni mbaya, lakini ni yangu. Sina tena kinachonikimbiza."

Nitaruka kidogo hapa, maana najua watu watauliza. Sasa ni mwaka wa 2019. Jonan bado ni diwani mpaka muda wake uishe, na amesema hatagombea tena. Tonny amepata bosi mwingine wa kumchekea. Kalenda zile Jonan alizibandua kwa mkono wake, duka kwa duka. Ile ya Kikorongo ilikuwa imeshikamana na ukuta kwa mafuta, akaikwangua kwa kisu mwenye hoteli akimshangaa. Kila asubuhi anakaa nyuma ya jiko langu kwenye kigoda, bila simu, anatazama ndani yake humo anamojua mwenyewe, halafu anakunywa chai mpaka iishe. Watu wanamsikitikia, eti ameporomoka. Nimeishi na mwanamume huyu miaka mingi, na sijawahi kumwona ameshiba kabla ya hapo. Lile neno bado sijalisikia tena.

Lakini siku ile ya kifuniko hakungoja. Alinyanyuka akaanza kupanda kwenda kwa mama yake, peku. Alikuwa ametengeneza ukuta wa kidimbwi kwa upande wa nje, bila kugusa maji, tangu alfajiri, kwa mikono, na tope jeusi lilikuwa limemfika kwenye viwiko. Hakubeba kitu. Mimi nikabeba kapu langu nikamfuata, kwa sababu sikuwa na akili ya kuliacha.

Mama Docus alikuwa ameketi mlangoni, amekonda, shingo imebaki mishipa, miguu ameinyoosha juani. Semu alikuwa hapo kuomba kiberiti. Jonan akachuchumaa mbele ya ile miguu. Safari hii aliitazama. Aliitazama yote, nyufa na vidonda na mahali kucha zilipokuwa, kwa muda mrefu mpaka Semu akasahau ugoro mkononi.

"Mama," akasema. Alisema Kikonzo, na Semu akaninong'oneza maana yake baadaye, ingawa sikuihitaji. "Sikukuheshimu siku ile. Niliifunika miguu yako kwa sababu ilinichukiza. Nilizuia pumzi nisikunuse. Nilifanya hivyo na nikapigiwa makofi, na niliyapenda makofi."

Mama Docus akatazama tope kwenye mikono ya mwanawe, likianza kukauka na kuwa jeupe kwenye vifundo vya vidole.

"Nilikuwa najua, Bwambale," akasema. "Nilikuwa nangoja wewe ujue." Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mama Pretty, ndani ya kapu iko nini? Mimi niko na njaa."

Kulikuwa na bundu, ule ugali wa muhogo, na samaki. Kabla sijaweka chini, Jonan aliingiza mkono kwenye chakula. Mkono ule ule, jamani, na tope lake, na uvundo wake, na maji sikuwa nayo karibu! Akamega tonge, likatoka na alama nyeusi za vidole vinne. Akalichovya, akalinyoosha. Mimi mtoto wa sajenti Ojara nilifungua mdomo kupiga kelele kwamba anawe kwanza. Nikaufunga, kwa sababu Mama Docus alikuwa amefungua wake.